Kisu Hakikasirishi Kidonda

Hotuba hii ilitolewa katika ukumbi wa Tononoka, Mombasa, mbele ya wazazi wa watoto wenye ualbino, wauguzi, wavuvi na wanafunzi wa sayansi. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Asalaam aleikum, mabibi na mabwana. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioketi sakafuni baada ya viti kwisha, hamjambo?

Kuna neno ambalo nalisikia kila mwezi kazini kwangu. Nalisikia Likoni, nalisikia Kisauni, nalisikia mpaka kwa watu waliosoma. Watu husema: "Kidonda hicho msikiguse na kisu. Kikiguswa na kisu kinakasirika." Nani hapa hajalisikia? Naona hakuna mkono.

Na watu hawalisemi bila sababu. Wameona kwa macho yao. Fulani alikuwa na kidonda sikioni, kikakatwa, akapona, na leo yuko kazini bandarini. Jirani yake alikuwa na kidonda cha ukubwa uleule, sikioni vilevile, kikakatwa vilevile, na mwaka haukuisha akaota mtoki shingoni. Kisha likaja la mapafu. Kisha tukamzika. Mtu aliyeyaona hayo mawili akisema kwamba kisu ndicho kilichokasirisha kidonda, nitamlaumu vipi? Anatafuta sababu, na sababu iliyo karibu naye ni kisu.

Mimi nimekuja kuwaambia kwamba hasira ile ilikuwemo kabla ya kisu. Ilikuwemo ndani ya seli, imeandikwa, na leo tunao uwezo wa kuisoma. Maandishi yenyewe yanaitwa methilesheni. Msiogope jina. Kabla hatujatoka humu ndani kila mmoja atakuwa analielewa, na mama mwenye mtoto mgongoni pale nyuma atalielewa kuliko wengi.

Ndani ya kila seli ya ngozi yako mna uzi wa DNA wenye urefu wa takriban mita mbili, umekunjwa na kukunjwa hata ukaenea mahali pasipoonekana kwa macho. Katika uzi huo mna jeni, yaani vipande vyenye maelekezo ya kazi ya seli, zipatazo 20,000. Seli ya ngozi inazo jeni zilezile ilizonazo seli ya jicho, na zilezile za ini. Basi mbona ngozi haioni? Kwa sababu jeni hazifanyi kazi zote mahali pote. Fikirini nyumba ya Mji Mkongwe, yenye vyumba chungu nzima na milango ya nakshi. Nyumba ni ileile, lakini mlango huu umetiwa komeo na ule umeachwa wazi, na hapo ndipo maisha ya nyumba hii yanapokuwa tofauti na ya nyumba ya pili. Methili ndiyo hilo komeo. Ni kitu kidogo sana, kaboni moja na haidrojeni tatu, hushikizwa juu ya herufi ya DNA iitwayo sitosini, hasa pale sitosini inapofuatwa na herufi nyingine, guanini. Katika DNA ya binadamu sehemu za namna hiyo zinakaribia milioni 28, na kwa kawaida asilimia 70 hadi 80 kati yake huwa zimetiwa methili.

Jeni ambayo mwanzo wake umejaa methili hunyamaza. Sikilizeni vizuri hapa. Haikunyamaza kwa kuharibika. Herufi zake ni nzima, kila moja iko mahali pake. Imefungwa tu.

Na makomeo haya hayajitii yenyewe. Kuna vimeng'enya vinavyoyatia, DNMT3A na DNMT3B, na kuna DNMT1 ambayo kazi yake ni kunakili: seli moja inapogawanyika kuwa mbili, inahakikisha zile mbili zina makomeo palepale alipokuwa nayo mama yao. Upande wa pili kuna familia ya TET, ambayo huanzisha kazi ya kuyaondoa. Wanafunzi, yaandikeni majina haya manne. Tutayarudia.

Nawapa kisa cha nyuki. Mzinga una malkia mmoja na vibarua maelfu. Malkia ni mkubwa, hutaga mayai, huishi miaka. Kibarua ni mdogo, hazai, huishi wiki chache tu msimu wa kazi nyingi. Je, malkia alizaliwa na jeni za kifalme? Hapana. Yai ni lilelile. Buu atakayekuwa malkia hulishwa maziwa ya nyuki mfululizo, na vibarua hubadilishiwa chakula baada ya siku chache. Mwaka 2008 watafiti wa Canberra, Australia, walimzimia buu kimeng'enya kinachotia makomeo, bila kumpa chakula cha kimalkia. Wengi wa mabuu wale wakakua wakawa na ovari za malkia. Jeni zilezile, mzinga mmoja, maisha tofauti kabisa.

Na binadamu? Mwaka 2005 watafiti wa Hispania waliwapima pacha wa kufanana, jozi 40, kuanzia watoto wa miaka 3 hadi wazee wa miaka 74. Pacha wadogo walikuwa karibu sawa katika methili zao. Wale waliokwisha kuzeeka, hasa walioishi mbali mbali na kwa mienendo tofauti, walikuwa wameachana sana. Walizaliwa na DNA moja, na maisha yakawatenganisha.

Sasa tuje kwenye ngozi. Nyosheni mkono wa kulia, nyote. Tazameni upande wa juu wa mkono, ule unaoliona jua. Sasa inueni mkono mtazame upande wa ndani, juu karibu na kwapa. Mnaona tofauti? Laini, hauna madoa. Umri wa ngozi hizo mbili ni mmoja.

Mwaka 2015 watafiti wa Baltimore, Marekani, walifanya hilihili mnalolifanya, ila wao walichukua vipande vya ngozi wakasoma methili. Ngozi ya watu wasio na saratani yoyote. Katika ngozi ya wazee iliyozoea jua, walikuta vipande virefu vya DNA vimepoteza methili. Katika ngozi iliyofichika kwa jua, ya mtu huyohuyo, upotevu ule haukuwa hivyo. Na vile vipande vilivyopoteza makomeo ni vya aina ileile inayoonekana ndani ya saratani.

Nalirudia hilo, kwa sababu ndilo lililonitoa nyumbani leo. Ngozi haikuwa na saratani. Haikuwa na kidonda. Haikuwa na hata baka. Na tayari makomeo yalikuwa yameanza kuanguka.

Jua huharibu na herufi zenyewe, hilo nalo ni kweli, na jeni ya TP53 ndiyo inayoumia mara nyingi katika saratani ya ngozi itokanayo na jua. Lakini herufi na makomeo huharibika sambamba, na Mombasa iko nyuzi nne tu kusini ya ikweta. Sisi wengi tuna melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, na melanini ni kinga kubwa tuliyopewa na Mungu. Mtoto mwenye ualbino hana kinga hiyo, au anayo kidogo mno. Jua la saa sita analolipata akitoka shule akiwa na miaka saba linaanza kuandika siku hiyo hiyo. Ndiyo maana ndugu zetu wenye ualbino wanaugua saratani ya ngozi wakiwa bado vijana, usoni, shingoni, masikioni, midomoni.

Haya, tumefika penyewe. Ni kitu gani kinachoifanya saratani moja iwe pole na nyingine iwe kali?

Mwaka 1983 Andrew Feinberg na Bert Vogelstein, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, walionyesha kwamba DNA ya saratani imepungukiwa na methili ikilinganishwa na ya sehemu zenye afya za mwili wa mtu yuleyule. Miaka iliyofuata ikaonekana ajabu ya pili: katika saratani hiyohiyo, jeni fulani zilikuwa zimetiwa methili kupita kiasi. Yaani makomeo yamedondoka pale yalipotakiwa yawepo, na yametiwa pale mlango ulipotakiwa uwe wazi. Mambo yote mawili, ndani ya seli moja, kwa wakati mmoja.

Tazameni matokeo yake katika saratani ya seli za skwamasi, zile seli bapa za tabaka la juu la ngozi, ambayo ndiyo inayowaua zaidi ndugu zetu wenye ualbino. Kuna jeni iitwayo CDKN2A. Protini yake, p16, huiambia seli iache kugawanyika. Ikifungwa, seli hazina wa kuziambia basi. Kuna CDH1, ambayo protini yake huzishikisha seli za ngozi pamoja. Ikifungwa, seli zinaachana, na seli iliyoachana na wenzake inaweza kuondoka. Kuna FRZB, ambayo huzuia ishara ya kukua. Watafiti wameikuta imefungwa zaidi katika uvimbe uliokwisha kusambaa kuliko katika uvimbe uliotulia mahali pake. Na kule makomeo yalikodondoka? Karibu nusu ya DNA yetu ni vipande vinavyojirudia, vingi vyao mabaki ya kale, vinavyotakiwa kukaa kimya. Vikiamka, kromosomu hukatika na kuunganishwa ovyo, na kila seli mpya hutoka na kosa jipya.

Je, mnaona sasa? Kuzidi kugawanyika, kuachana na wenzake, kukosea kila mara. Hiyo ndiyo hasira ya kidonda, na haikuletwa na kisu.

Kuna jambo jingine ambalo mimi binafsi naliona kuwa kubwa kuliko yote. Mwaka 2018 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walisoma methili za saratani ya skwamasi na za yale mabaka makavu ya jua yanayoitangulia. Wakakuta makundi mawili. Kundi moja lilikuwa na makomeo yanayofanana na ya seli mama za ngozi, zile za chini zinazozalisha nyingine. Kundi la pili lilifanana na seli zilizokwisha kukomaa. Kwa macho ni ugonjwa mmoja. Kwa hadubini ni ugonjwa mmoja. Kwa methili ni magonjwa mawili, yaliyoanzia mahali pawili. Na zaidi ya hapo, mgawanyo huo ulikuwa tayari umo katika yale mabaka, kabla saratani haijawa saratani.

Kwa melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, ni hivyo hivyo. Mwaka 2012 watafiti wa Boston walionyesha kwamba alama inayoachwa na kazi ya TET hupotea ndani ya melanoma, na kadiri ilivyopotea ndivyo hali ya wagonjwa ilivyokuwa mbaya. Waliporudisha kimeng'enya cha TET2 kwa panya wenye melanoma, uvimbe ulipungua nguvu. Kwa panya, nasema. Msitoke hapa mkasema dawa imepatikana.

Sasa nataka mkumbuke kuwa jua si peke yake. Kuna mama mmoja wa hapa Pwani, muuza mahamri na viazi karai. Akiwa msichana aliunguzwa na mafuta ya moto, mguu mzima. Kovu likabaki, gumu, linavuta. Baada ya miaka mingi likachanika. Akatia dawa, likafunga, likachanika tena. Akaitwa na kila mtu mwenye dawa: huyu unga wa mti, huyu mafuta ya nyonyo, huyu maji ya betri, naam, maji ya betri. Watu wakasema ni donda ndugu, hao hawaponi. Mdharau mwiba humwota tende. Alipofika kwetu kidonda kilikuwa na kingo zilizoinuka, kinatoa harufu, na mtoki kwenye kinena.

Daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin alieleza vidonda vinavyoota juu ya makovu mnamo 1828, na saratani inayozuka humo bado inaitwa kwa jina lake. Huwa ni kali kuliko ile ya jua, husambaa haraka zaidi. Kwa nini? Kidonda kisichofunga huzilazimisha seli zigawanyike mwaka hadi mwaka, katikati ya uvimbe na usaha. Kila mgawanyiko ni DNMT1 inanakili upya, na uvimbe huo wa jeraha, ukiwa wa muda mrefu, unajulikana kuwa huvuruga unakili huo. Mama yule alikatwa mguu. Yuko hai, na bado anauza mahamri, sasa ameketi na wanawe ndio wanaokaanga. Kidonda kile kingeletwa kikiwa na miezi mitatu, mguu ungekuwepo.

Na sisi wenye rangi tusijione tumesalimika na melanoma. Ni adimu kwetu, lakini ikija huja kwenye wayo, kiganjani au chini ya ukucha, mahali ambapo jua halina kazi. Bob Marley mnamjua nyote. Mwaka 1977 aliambiwa kwamba doa chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu ni melanoma. Watu walidhani ni jeraha la mpira. Madaktari walishauri kidole kikatwe, akakataa, akafanyiwa upasuaji mdogo zaidi. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ubongo.

Kijana mmoja ameniletea karatasi anauliza: kama ni makomeo tu, si yafunguliwe? Swali zuri sana. Herufi iliyoharibika ni vigumu kuirudisha, lakini komeo linaweza kuondolewa, na hilo ndilo linalotupa matumaini. Dawa zipo. Azasitidini iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 na desitabini mwaka 2006, kwa magonjwa ya uboho wa mifupa. Hufanya kazi kwa kuinasa DNMT. Mwaka 2015 ikagunduliwa kwamba dawa hizi zinaamsha pia mabaki ya virusi vya kale yaliyomo ndani ya DNA yetu, seli ya saratani ikaonekana kana kwamba ina virusi, na kinga ya mwili ikaishambulia. Kwa hiyo watafiti wanajaribu kuziunganisha na dawa zinazoamsha kinga ya mwili. Lakini zinafungua milango bila kuchagua, ile ya heri na ile ya shari. Kwa saratani ya ngozi bado si tiba ya kawaida. Mtu yeyote hapa Mombasa akikuuzia kidonge cha "kusafisha DNA", mwambie akuonyeshe mgonjwa wa ngozi aliyepona nacho. Vivyo hivyo, kipimo cha methili cha kukadiria ukali wa saratani ya ngozi hakijawa cha kila siku hospitalini. Njia imekwisha kuonyeshwa na uvimbe wa ubongo: Heidelberg waliweza kuuainisha kwa methili mwaka 2018, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 ukakikubali kipimo hicho. Ngozi itafuata.

Je, itafuata na sisi tumo? Hapo ndipo roho inaniuma. Marekani walipochapisha mwaka 2015 ramani ya jeni na methili za melanoma 333, karibu wagonjwa wote walikuwa weupe. Melanoma ya wayo, ile yetu, haikuandikwa na jua, na ramani ya jua haitaisoma vyema. Na nimewahi kuona, hapa hapa Pwani, katika kituo ambacho sitakitaja, kidonda kimekatwa vizuri, kimeshonwa vizuri, na kipande kikatupwa kwenye ndoo ya taka. Kikatupwa! Wauguzi wangu, madaktari wangu, kile kipande ndicho jibu la lile swali la jirani wawili. Kikihifadhiwa kwenye fomalini kisha kwenye nta, methili zake zinaweza kusomwa hata miaka mingi baadaye. Kikitupwa, mgonjwa hatajua kama kingo zilikuwa safi, na mjukuu wa Pwani atakapougua, daktari wake atasoma ramani ya watu wengine.

Basi naomba mambo machache, na nayaomba kwa dhati.

Nyinyi wazazi wa watoto wenye ualbino: jua lizuiwe mapema. Katika mji wa Nambour, Australia, watu 1,621 walifuatiliwa kuanzia 1992; kundi lililopewa losheni ya kujipaka kila siku lilipata saratani za skwamasi pungufu kwa takriban asilimia 40. Hao walikuwa watu wazima waliokwisha kuchomwa na jua. Losheni hutolewa bure na serikali kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mtoto aandikishwe, na ikichelewa pigeni kelele, tutapiga nanyi. Kofia pana, mikono mirefu, baibui au kanzu vinafaa sana. Mwalimu anayemvua mtoto kofia kwa ajili ya sare naomba aletwe tuzungumze naye, kwa heshima.

Nyinyi wenye makovu ya moto au vidonda vya siku nyingi: kidonda ambacho hakijafunga kwa miezi mitatu kikatwe kipande, kipelekwe maabara. Ombeni ripoti iliyoandikwa. Ni haki yenu. Iwekeni pamoja na kitambulisho.

Na kisu? Kiachieni kazi yake. Saratani nyingi za skwamasi zikikatwa mapema na kwa ukamilifu hazirudi. Sikio, mdomo, uvimbe uliozidi sentimita mbili, mtu mwenye kinga hafifu: hao wasisubiri hata wiki.

Nimemaliza. Wauguzi watano wako pale karibu na mlango wa upande wa kanisa, na meza mbili zimetengwa kwa akina mama pekee nyuma ya pazia. Wanaangalia nyayo, viganja, kucha, makovu na masikio. Hakuna malipo. Mkipanga foleni, vueni viatu kabisa, na wazee wenye fimbo watangulizwe mbele.